Kabla ya Kununua Televisheni, Uliza Habari ya Mawimbi

Mtumiaji anaponunua televisheni huangalia ukubwa wa kioo, ung'avu wa picha na bei. Ni mara chache huuliza kama chombo hicho kimetengenezwa kupokea mawimbi yanayorushwa mahali anapoishi. Mahali kama Segese, mkoani Shinyanga, ambako fedha ya dhahabu haina tarehe maalumu ya kuingia na muuzaji wa leo huenda kesho yuko mgodi mwingine, swali hilo lina uzito mkubwa.

Tatizo lenyewe ni la zamani kama televisheni. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakazi wa Uingereza waliweza kununua chombo cha mvumbuzi John Logie Baird, kilichoonyesha picha hafifu ya mistari 30 tu. Mwezi Septemba 1935 BBC ilisitisha matangazo ya aina hiyo, na vyombo vile vikabaki pambo la sebuleni. Tarehe 2 Novemba 1936 huduma mpya ilianza kutoka Alexandra Palace, London, ikitumia mifumo miwili kwa zamu: wa Baird wenye mistari 240, na wa Marconi-EMI wenye mistari 405. Televisheni za awali zilibidi ziwe na uwezo wa kupokea yote miwili, na bei yake ilikaribia pauni 100, fedha ambayo wakati huo ilitosha kununua gari dogo. Miezi michache baadaye, Februari 1937, mfumo wa Baird uliachwa. Mnunuzi alikuwa amelipia uwezo asiouhitaji tena.

Vita vilipokaribia, matangazo yalizimwa tarehe 1 Septemba 1939, yakarejea tarehe 7 Juni 1946. Kwa kuwa mfumo wa mistari 405 haukubadilishwa, waliotunza televisheni zao miaka yote hiyo waliziwasha tena. Tunaona hapo kuwa uzee wa chombo si hoja kubwa kama mabadiliko ya mawimbi.

Kwetu, Zanzibar ilianza kurusha televisheni mwaka 1973, nayo Tanzania Bara ikasubiri hadi 1994. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia. Televisheni ya analojia ikiunganishwa na antena peke yake sasa huonyesha chenga. Hata hivyo, mwenye nayo ana nafuu ambayo mteja wa Baird hakuipata: akiongeza kisimbuzi, picha hurudi. Asikubali kuambiwa kwamba lazima anunue televisheni mpya.

Wanaouziwa televisheni "ya kidijitali" wasitosheke na neno hilo. Televisheni inayopokea matangazo ya antena bila kisimbuzi huwa na alama ya DVB-T2 kwenye boksi au kitabu cha maelezo. Kioo bapa pekee si uthibitisho.

Kisimbuzi nacho ni cha aina mbili, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Cha antena hutegemea mnara ulio karibu. Cha dishi hupokea kutoka kwenye setilaiti, hivyo humfaa zaidi anayeishi mbali na mji au anayehamahama kati ya machimbo. Kabla ya kulipia cha antena, ulizia majirani kama kinashika vizuri mtaani kwenu, na ikiwezekana kijaribiwe nyumbani kwako, si dukani. Uliza pia ni chaneli zipi hubaki malipo ya mwezi yanapokwisha.

Dai risiti inayotaja aina na namba ya chombo, pamoja na dhamana ya maandishi. Huduma ikiwa na kasoro, lalamika kwanza kwa mtoa huduma na utunze kumbukumbu ya lalamiko hilo. Asipolitatua, lipeleke Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.