Intamba na Safari ya Jirani



Tangu Septemba 2023, fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027 zilipopewa Kenya, Tanzania na Uganda, hapa Gihosha swali limekuwa moja: je, Intamba mu Rugamba wana uwezo wa kufika? Mtu wa kiwandani au wa shamba la chai hakuwa na nauli ya kwenda Misri mwaka 2019. Dar es Salaam ni habari nyingine, huko kuna basi. Basi na tulijibu swali hili kwa hesabu, si kwa kelele.

Kwanza tukumbuke tulivyofuzu mara ya kwanza. Fainali za 1994 tulizikosa kwa penalti mbele ya Guinea, na tangu hapo tukangoja robo karne. Katika mchujo wa 2019 tulipangwa na Mali, Gabon na Sudan Kusini. Hatukufungwa mechi hata moja: tulishinda mbili, tukatoka sare nne, tukapata pointi 10. Tarehe 23 Machi 2019 Gabon walikuja Bujumbura pamoja na Aubameyang wao. Wao walitaka ushindi, sisi sare ilitutosha. Cédric Amissi akafunga, kisha tukajifunga wenyewe, na dakika zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko zamu ya usiku. Mpira ukaisha 1-1. Watu wazima walilia, na mimi nilikuwemo.

Lakini tazameni mabao. Tulifunga 11 katika mchujo ule, na manane kati ya hayo tuliwafunga Sudan Kusini, 3-0 kwetu na 5-2 kwao. Katika mechi nne za Mali na Gabon tulipata matatu tu. Fiston Abdul Razak peke yake alifunga sita. Timu inayomtegemea mtu mmoja ni kama kiwanda chenye mashine moja: ikisimama, wote mnakaa.

Kule Misri mashine ilisimama. Nigeria walitufunga 1-0, bao la Ighalo. Madagascar 1-0. Guinea 2-0. Mechi tatu, bao letu hakuna. Walinzi sitawalaumu, kwa maana kufungwa manne tu katika kundi lile si aibu. Linaloniuma ni la Madagascar. Nao walikuwa wageni wa fainali kama sisi, na kilichotutenganisha ni mpira mmoja wa adhabu. Wao wakaendelea hadi robo fainali, sisi tukapanda ndege kurudi.

Jambo la pili ni uwanja. Katika zile pointi 10, tano tulizipata Bujumbura, mbele ya watu wetu. Baadaye uwanja wa Intwari ulionekana haukutimiza masharti ya CAF, na Juni 2022 tuliwakaribisha Cameroon Dar es Salaam, tukafungwa 1-0. Kumkaribisha mgeni kwenye nyumba ya jirani! Mfanyakazi aliyezoea kutoka zamu na kukimbilia uwanjani alibaki na redio.

Tena tusisahau kwamba mchezaji naye ni mfanyakazi. Kijana wa ligi ya nyumbani akivunjika mguu, nani anamlipia hospitali, na nani analisha watoto wake wakati amelala? Anayeingia uwanjani na wasiwasi huo huuogopa mpira wa hatari. Mkataba ulioandikwa vizuri nao huleta mabao, ingawa makocha hawausemi sana.

Kwa hiyo jibu langu: ngome tunaweza kuwa nayo, kama 2019 ilivyoonyesha. Tukipata wafungaji wawili badala ya mmoja, na uwanja wetu wenyewe, sioni kundi la kutuogopesha.

Hapa mtaani sisi wachache tumeweka kopo la nauli. Tumekubaliana kwamba Intamba wasipofuzu, fedha zitanunua redio mpya. Mzee mmoja amekataa kuchanga mpaka aone kwanza nani anacheza mbele.