Mtoto mwenye ulemavu wa akili: Kumfungia ndani si kumlinda

Msimu wa kilimo ukifika Singida, wazazi wengi wanashinda shambani. Mtoto mwenye ulemavu wa akili anabaki na nani? Wapo wanaomfungia ndani, si kwa chuki, bali kwa hofu ya kupotea au kufanyiwa ukatili.

Hofu hiyo ina msingi. Ila sheria inasemaje?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu. Inamtaka mzazi ampe chakula, malazi, matibabu, elimu na nafasi ya kucheza. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote.

"Shuleni atajifunza nini?"

Ndiyo swali la wazazi wengi. Jibu: si lazima afaulu mtihani. Kwenye kitengo cha elimu maalumu mtoto anafundishwa kuvaa, kunawa, kwenda chooni, kutaja jina lake na kusema akiguswa vibaya. Mtoto anayeweza kusema, si rahisi kumdhuru kimyakimya. Kwa hiyo shule nayo ni ulinzi.

Uanzie wapi?

Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, iwe Ikungi, Iramba au Manyoni. Ulizia shule ya karibu yenye kitengo. Pia unaweza kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, bure.

Ukiambiwa shule iko mbali, usikate tamaa. Huombi hisani. Unadai haki ya mwanao.