Kariakoo: Jina, Nyumba na Istilahi Zake

Mfasiri atafutaye asili ya jina Kariakoo asihangaike na mizizi ya Kibantu wala ya Kiarabu. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ndimi zao. Nairobi nako likawa Kariokor. Neno letu wenyewe, mpagazi, lilikuwapo tangu zama za misafara, ila halikushika. Na maelfu waliokufa wakibeba mizigo ya vita wamesalia katika jina ambalo wengi hulisikia kuwa ni la soko tu.

Soko hilo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lisitusahaulishe nyumba. Mtaa huu, uliotenganishwa na Uhindini kwa uwanja wa Mnazi Mmoja, ulijengwa kwa nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, aghalabu vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko na choo. Ukumbi hapa si mahali pa mikutano, bali ni njia ya ndani itokayo mlango wa mbele hadi uani. Tumepata kuona ua ukifasiriwa "uwanja wa ndani", kana kwamba lugha ilikuwa haina neno! Hata aishiye ghorofani, asiko na ua, husema anakwenda uani.

Lililo zito zaidi ni neno nyumba. Katika nyumba moja ya Kariakoo mwenye nyumba huweza kukaa chumba kimoja, na vingine vitano vikawa na wapangaji watano, kila mmoja na jiko lake la mkaa na familia yake. Fomu ya Kiingereza inayouliza idadi ya makao, ikifasiriwa kwa neno nyumba, itajibiwa "moja". Nyumba hizo zinapobomolewa kupisha maghorofa, kama ilivyotokea kwa nyingi tangu miaka ya 1990, mpangaji asiyeandikwa popote hana la kuonyesha.

Kwa hiyo tunashauri nyumba itumike kwa jengo, kaya kwa watu walao pamoja, na chumba cha kupanga kiandikwe hivyo hivyo, chumba cha kupanga, pamoja na jina la akilipiaye kodi.