Udongo wa Kabianga: Huupenda Mchai, Huunyima Mharagwe

Msafiri atokaye mji wa Kericho kuelekea kusini-magharibi, hata akafika Kabianga, huona vilima vilivyofunikwa kwa chai pande zote, na kati ya mashamba hayo njia nyekundu zipandazo na kushuka. Kabianga ni mahali palipofunguliwa shule ya Serikali mwaka 1925, na leo pana Chuo Kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2013. Mgeni aonaye jinsi nchi ilivyo ya kijani husema mara moja kwamba udongo wa huko una rutuba ya kuotesha kila kitu.

Lakini mkulima wa huko ajua kwamba sivyo. Shamba litoalo chai njema mwaka hata mwaka laweza kumpa mahindi yaliyogeuka rangi ya zambarau yakiwa bado machanga, na maharagwe yaliyodumaa, ingawa mvua ni tele. Aghalabu sababu haiko mbinguni, wala si uvivu wa mkulima. Iko katika udongo wenyewe, na anayeijua huepuka hasara nyingi.

ASILI YAKE NI MOTO

Mamilioni ya miaka iliyopita, wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka, milima ya moto ilitapika mawe yaliyoyeyuka, yakamwagika na kuenea juu ya nchi ya Kericho. Mlima Tinderet, ulioko kaskazini, ni mmoja wa milima ya moto ya zamani hizo. Nao umekwisha kuzimika. Mawe hayo yalipoa yakawa magumu. Baadaye milima mingine ya Bonde la Ufa ilirusha majivu, yakachukuliwa na upepo na kuanguka mbali.

Jua na mvua vimefanya kazi juu ya mawe hayo tangu wakati huo, vikiyaozesha kidogo kidogo. Ndiyo sababu udongo wa Kabianga ni wa kina kirefu sana. Mtu achimbaye kisima au choo huweza kushuka mita nyingi asikutane na jiwe, na udongo ukawa mwekundu vile vile. Wekundu huo ni kutu ya chuma kilichokuwamo katika mawe.

Wataalamu huuita udongo wa namna hii nitisoli, jina litokalo katika neno la Kilatini lenye maana ya kung'aa. Mtu akilivunja bonge lake, huona nyuso zake zikimetameta kidogo kana kwamba zimepakwa mafuta. Ni udongo wa mfinyanzi, lakini hautuamishi maji kama mfinyanzi mweusi wa mabondeni, kwa kuwa chembe zake zimeshikana katika mabonge madogo yenye nafasi kati yao. Maji hupenya, hewa hupita, na mizizi hushuka.

NDUGU YAKE WA MILIMANI

Udongo huu unaye ndugu mdogo. Mtu akipanda juu zaidi mpaka nchi za baridi na majani mafupi, kama vile Molo na Mau Narok, huukuta udongo mweusi, mwepesi, mlaini kama unga. Huo umetokana na majivu yenyewe ya milima ya moto, nao haujazeeka kama ule wa Kabianga. Jina lake ni andosoli, nalo limetolewa katika lugha ya Kijapani, maana yake udongo mweusi.

Udongo huo wa majivu hushika maji mengi kama sifongo. Ukiufinya kati ya vidole huteleza na kutoa maji. Ni mweusi kwa sababu majani yaliyooza hushikamana na madini yake, na baridi huchelewesha kuoza kwake. Viazi, shayiri na pareto husitawi humo. Lakini ukiachwa uchi mpaka ukakauka kabisa, ni vigumu kuulowesha tena, na upepo huupeperusha kama vumbi.

Ndugu hawa wawili wanafanana kwa tabia moja inayomhusu mkulima: wote wawili huificha fosforasi. Mkulima hutia mbolea ya fosfati, na chuma na alumini vilivyomo katika udongo huikamata upesi, mimea isiipate. Yale mahindi machanga ya rangi ya zambarau ndiyo yanayolia njaa hiyo.

UCHACHU WA UDONGO

Katika sehemu nyingi za nchi ya chai ya Kericho hunyesha kiasi cha milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua nyingi namna hiyo, kwa muda wa karne nyingi, huiosha chokaa na madini mengine yayeyukayo, na kuyapeleka chini yasikofikiwa na mizizi. Vinavyobaki juu ni chuma na alumini, na udongo huwa mchachu.

Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Namba 7 ni ya katikati, na kadiri namba inavyopungua, uchachu unazidi. Kila hatua moja ni mara kumi. Udongo wa namba 5 ni mchachu mara kumi kuliko ule wa namba 6. Mchai hupenda udongo wa kati ya 4.5 na 5.6 hivi. Mharagwe hupenda ulio karibu na 6 au zaidi. Basi mimea hii miwili haiwezi kufurahia meza moja.

Udongo ukiwa mchachu sana, alumini huyeyuka na kuwa sumu kwa mizizi ya mimea mingi. Mizizi hufupika, ikashindwa kutafuta maji na chakula. Mchai hauna hofu hiyo. Huinywa alumini na kuihifadhi katika majani yake yaliyokomaa. Mwaka 1955 mtaalamu E. M. Chenery, aliyefanya kazi Uganda, alitoa maelezo juu ya jambo hili, akaonyesha ya kuwa alumini ni jambo kubwa katika maisha ya mchai.

MAHALI PALIPOKUWA NA MJI

Ushahidi wake waweza kuonekana kwa macho. Katika mashamba ya chai hukutwa viraka ambapo michai ni ya manjano, imedumaa au imekufa, ilhali iliyoizunguka ni mizuri. Mtu asiyejua hudhani ni ugonjwa, au kwamba mahali hapo pana laana. Wazee wakiulizwa, mara nyingi hukumbuka kwamba hapo palikuwa na nyumba au zizi la ng'ombe. Majivu ya jikoni yaliyomwagwa miaka mingi, pamoja na samadi, yameuondoa uchachu wa udongo, na mchai umekosa kile uupendacho.

Kumbe majivu yale yale yaliyouangamiza mchai ndiyo ambayo yangeusaidia mharagwe. Kwa hiyo mkulima mwenye busara hashindani na kiraka kama hicho. Hupanda hapo mboga, maharagwe au majani ya nepia ya ng'ombe wake, na chai huipanda kwingine. Kama ni lazima chai ipandwe, wataalamu hutumia salfa au salfeti ya alumini kuurudisha uchachu polepole, baada ya udongo kupimwa.

UTAJIRI NI WA JUU TU

Kwa kuwa udongo ni wa kina kirefu, wako wanaodhani kwamba hauwezi kwisha. Hili ni kosa kubwa. Kina hicho ni ghala la maji, kwani mizizi ya mchai huweza kushuka zaidi ya mita 3 kuyatafuta wakati wa kiangazi. Lakini chakula kingi cha mimea kimo katika tabaka la juu, lile la rangi nyeusi-nyeusi lenye majani yaliyooza. Tabaka hilo likiondoka, wekundu unaobaki chini ni mfinyanzi mchachu na maskini.

Jambo hili lilichunguzwa Kericho. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika ya Mashariki lilipima maji ya vijito viwili vya msitu wa Mau ya kusini-magharibi, Sambret na Lagan. Lagan uliachwa katika msitu wake. Sehemu ya Sambret ilifyekwa ikapandwa chai. Wakati wa kufyeka, na michai ilipokuwa bado midogo, maji ya mvua kubwa yalishuka kwa kasi zaidi na kuchukua udongo. Michai ilipokua na kuifunika ardhi, na makinga-maji yalipotengenezwa vizuri, hatari hiyo ilipungua sana.

Majaribio mengine yaliyofanywa Kericho katika miaka ya 1970 yalionyesha jambo hilo hilo. Udongo huibwa hasa katika miaka miwili ya kwanza ya shamba jipya, palipo uchi kati ya mistari. Palipotandazwa majani makavu, wizi huo ulikuwa mdogo mno. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia. Udongo wa Kabianga unaoteremka mtoni leo huelekea Ziwa Victoria, wala haurudi.

YAMPASAYO MKULIMA

Kwanza, yafaa udongo upimwe kabla ya kutia kitu. Sampuli huchukuliwa mahali mbalimbali pa shamba, na ya shamba la chai isichanganywe na ya shamba la chakula.

Pili, chokaa ni ya shamba la mahindi na maharagwe, wala isimwagwe karibu na chai. Majivu ya jikoni vile vile.

Tatu, fosfati isitawanywe ovyo. Itiwe kidogo ndani ya shimo karibu na mbegu, pamoja na samadi iliyooza, ili mmea uipate kabla udongo haujaikamata.

Nne, mbolea za naitrojeni zenye amonia, zitumiwazo kwa chai, huuongeza uchachu mwaka hata mwaka. Hata mchai una mpaka wake. Basi upimaji urudiwe kila baada ya miaka michache.

Tano, michai inapopogolewa, matawi na majani yaachwe shambani kuifunika ardhi, wala yasichukuliwe kuwa kuni. Na kwenye mteremko, mistari ifuate ukingo wa kilima, isishuke nao.

Udongo wa Kabianga ulichukua mamilioni ya miaka kufanyika, na mvua chache kubwa zatosha kuliondoa tabaka lake bora. Mkulima aliyekwisha kuijua tabia yake hupanda chai mahali pa chai na chakula mahali pa chakula, naye hupata mavuno katika pande zote mbili.