Kiyoyozi cha Gari Mseto: Kupoza, Kukausha na Kuzima

Neno kiyoyozi (ngeli ya KI-VI, wingi viyoyozi) limekwisha kuzoeleka kuwa jina la mtambo unaopoza hewa chumbani au garini. Katika gari la kawaida, ulegevu wa matumizi yake haudhuru sana. Katika gari mseto, yaani gari linaloendeshwa kwa injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, ulegevu huo humpotosha msomaji wa kitabu cha maelekezo, na mahali pamoja unaweza kumgharimu maisha.

Tuchukue Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997. Tangu toleo lake la pili, la mwaka 2003, kompresa huendeshwa kwa umeme wa betri kubwa, si kwa mkanda wa injini. Kwa hiyo gari huweza kusimama kwenye foleni, injini ikiwa kimya kabisa, na hewa baridi ikaendelea kutoka. Joto lina asili nyingine. Sehemu yake kubwa hutokana na maji yanayozunguka ndani ya injini. Maji hayo yakipoa, injini huwaka yenyewe ili kuyapasha. Dereva wa Njombe au Limuru, asubuhi ya mwezi Julai, husikia injini ikiunguruma gari likiwa limesimama, akadhani ni ubovu. Si ubovu, ni yeye aliyeagiza joto. Akipunguza nyuzi kwenye kidhibiti, injini itapumzika zaidi.

Mfasiri anayeuita mfumo wote huu "kiyoyozi" huifuta tofauti hiyo. Ni afadhali mfumo mzima uitwe mfumo wa hewa, kiyoyozi kibaki kwa upande wa kompresa, na upande wa joto uitwe kipasha joto, au hita kama wasemavyo mafundi.

Kitufe chenye herufi A/C nacho hufasiriwa mara nyingi kwa neno "baridi". Tafsiri hiyo haitoshi. Kompresa inapofanya kazi, hewa hupita kwenye mabomba baridi na unyevu wake hugeuka matone. Ndiyo maji yanayodondoka chini ya magari Tanga na Mombasa. Hewa iliyokwisha kukaushwa hivyo huweza kupashwa joto ndipo ikapulizwa kiooni. A/C na hita, basi, huweza kufanya kazi pamoja. Aliyefundishwa kwamba A/C ni "baridi" atakizima kitufe hicho kwenye mvua ya milimani, kisha ashangae kioo cha mbele kinapotanda ukungu. Maelezo yanayofaa ni "kupoza na kukausha hewa".

Alama ya mshale unaojizungusha ndani ya gari ifasiriwe "kuzungusha hewa ya ndani". Kinyume chake ni "hewa ya nje". Wapo wanaoandika "hewa safi", ingawa nyuma ya lori linalofuka moshi hewa hiyo haina usafi wowote.

Jambo zito zaidi liko katika kitenzi kuzima. Kwa mazoea, gari lisilounguruma ni gari lililozimwa. Gari mseto linaivunja kanuni hiyo. Mtu aliyeketi ndani akisubiri, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na injini iko kimya, anatumia umeme wa betri. Betri ikipungua, injini huwaka yenyewe ili kuichaji, bila kumuuliza mtu. Ikiwa gari limo katika gereji iliyofungwa, moshi wake hujaza chumba kwa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Hatari hiyo ipo pia kwa aliyeshuka akaenda kulala, akiuamini ukimya.

Hivyo basi, injini inapotulia yenyewe tuseme "injini imesimama" au "imetulia", na tuseme "gari limezimwa" pale tu dereva alipobonyeza swichi na taa inayoonyesha kwamba gari liko tayari kwenda ikatoweka. Sentensi ya onyo yaweza kuandikwa hivi: "Usiliache gari katika gereji iliyofungwa huku taa hiyo ikiwaka, hata kama injini imesimama, inaweza kuwaka tena yenyewe wakati wowote."