Ushuru kwenye ada ya kutuma pesa: unakatwa wapi, unaenda wapi?

Kila mwaka bajeti ikikaribia, swali huwa ni lile lile: ni kweli serikali inakata asilimia 15 ya pesa ninayotuma kwa simu? Hapana. Ingekuwa hivyo, ukituma 10,000 ya karo kutoka Malakisi hadi Kitale, ingefika 8,500, na nadhani sote tungerudi kubeba noti kwa matatu.

Kinachotozwa ushuru ni ada, si pesa yenyewe. Chukua ada ya shilingi 115. Hapo ndani 100 ni malipo ya huduma, na 15 ni ushuru wa bidhaa unaopelekwa KRA. Ada ikiwa 23, ushuru ni 3. Ada ikiwa sufuri, ushuru nao ni sufuri. Ndiyo maana mwaka wa 2020, wakati wa korona, kutuma hadi 1,000 kulipofanywa bure, hata ushuru haukuwepo.

Ushuru huu haugusi kila kitu kama VAT. Serikali huchagua bidhaa na huduma fulani tu: sigara, pombe, soda, mafuta ya gari. Watu wa Malakisi waliolima tumbaku wanaujua bila kujua. Mkulima akiuza majani yake haulipi, unatozwa sigara ikishatengenezwa, na mvutaji ndiye anayeubeba kwenye bei. Kwa sigara sababu inaeleweka, serikali inataka pesa na pia inataka watu wapunguze kuvuta. Lakini kumtumia mama pesa ya dawa si tabia mbaya ya kupunguzwa. Huduma hii iko kwenye orodha kwa sababu karibu kila mtu anaitumia na ni rahisi kuikusanyia kodi.

Na kiwango kimekuwa kikipanda. Kilianza asilimia 10, kikawa 12 mwaka wa 2018, halafu 15 kuanzia Julai 2023. Kwa ada yetu ya mfano, ile ya huduma ya 100, ni shilingi 3 zaidi kati ya 2018 na sasa. Mswada wa fedha wa 2024 ulitaka 20. Pendekezo hilo liliondolewa Juni, na baada ya maandamano mswada wote ukaachwa.

Ng'ambo ya Lwakhakha mambo yalienda tofauti. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza asilimia 1 ya kiasi chenyewe, si ada. Watu walilalamika sana, na mwaka huo huo ikashushwa hadi nusu asilimia, kwa kutoa pesa pekee. Hata hivyo, kwa kila 10,000 unayotoa hiyo ni 50. Kwetu, kwa ada ya 115, ni 15. Tofauti ya kutoza ada na kutoza kiasi si ndogo.

Hizo 15 haziendi kwa kaunti ya Bungoma moja kwa moja. Katiba, kifungu cha 209, inaipa serikali ya kitaifa peke yake mamlaka ya kutoza ushuru wa bidhaa. Kaunti hupata sehemu yake baadaye, kwenye mgao wa mapato ya kitaifa. Kwa hivyo ile risiti unayokatiwa sokoni asubuhi ni kitu kingine kabisa, hiyo ndiyo ya kaunti.

Kwa mfuko wako, kumbuka pesa moja inaweza kutozwa mara mbili. Ukituma unalipa ada, mwenye kupokea akitoa kwa ejenti analipa ada nyingine, na kila ada ina ushuru wake. Kama anaweza kulipa shule au duka moja kwa moja kwa simu, ile ada ya kutoa haipo tena. Kutoa kidogo kidogo mara tatu pia huwa ghali kuliko kutoa mara moja, kwa sababu unalipa ada tatu.

Ushuru umo tayari kwenye ada unayoonyeshwa. Ejenti hana ruhusa ya kukudai mwingine mkononi. Na ukipigiwa simu uambiwe kuna pesa yako imeshikwa, utume kwanza "kodi ya KRA" ndiyo iachiliwe, huyo ni tapeli. Kata simu, usitume kitu.