Stika Chini ya Boneti

Muuzaji aliniambia gari limetembea kilomita 118,000, na dashibodi ikamuunga mkono. Nililinunua Dar es Salaam mwaka 2019 kwa shilingi milioni sita na nusu, nikaliendesha mpaka Tanga. Njiani niliongeza oili Chalinze, nikaongeza tena Segera. Mtu mwenye akili timamu angegeuzia Chalinze akadai pesa zake. Mimi nilikuwa nimeshapenda.

Wiki mbili baadaye nilikuwa naosha chumba cha injini kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Chini ya uchafu uliogandamana kama lami ikajitokeza stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani. Maandishi sikuyajua, lakini tarakimu ni zilezile dunia nzima: 22, na pembeni yake 191,300. Mafundi wa Japani wakishabadilisha mkanda wa taimingi hubandika karatasi ya namna hiyo ili fundi ajaye ajue kazi ilifanyika lini na gari lilikuwa limefika wapi. Ile 22 ndiyo iliyonisumbua, mpaka nilipokumbuka kwamba Wajapani huhesabu miaka kwa utawala wa mfalme wao. Mwaka wa 22 wa Heisei ni 2010.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia, hesabu ya namna hii haihitaji ubao. Gari lililokuwa na kilomita 191,300 mwaka 2010 haliwezi kuwa na 118,000 mwaka 2019, labda kama lilikuwa linatembea kinyumenyume. Nikampigia muuzaji. Namba yake haikupatikana siku hiyo, na haijapatikana hadi leo.

Basi nikabaki na Altezza ya kilomita ambazo Mungu peke yake anazijua, kwenye banda la mabati ubavuni mwa nyumba yangu Chumbageni, hapa Tanga. Mafundi wa mtaani walinihurumia. "Mwalimu, hii gari ya vijana. Si ungechukua IST tu?"

Altezza Watanzania tunaifahamu, maana ndiyo iliyokuwa ikituamsha usiku kwa mlio wa eksozi. Toyota iliitoa Japani Oktoba 1998 na ikaacha kuitengeneza mwaka 2005. Ulaya na Marekani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Wengi hawajui kwamba ndani ya bodi ile moja kuna magari mawili tofauti. Kuna ya silinda sita, cc 1,988, injini laini yenye nguvu za farasi 160. Na kuna ya silinda nne, cc 1,998, ambayo Toyota waliisuka kwa kushirikiana na Yamaha. Hii ikiwa na gia za mkono inatoa nguvu za farasi 210 inapozunguka mara 7,600 kwa dakika. Gawanya kwa 60 uone: pistoni inapanda na kushuka zaidi ya mara 126 kwa sekunde moja. Ukitaka kujua unauziwa ipi, soma kibati kilicho chini ya boneti. SXE10 ni silinda nne, GXE10 ni sita. Stika za nyuma zisikudanganye, hata hapa Tanga, mtaa wa Ngamiani, zinapatikana.

Yangu ni SXE10 ya gia sita za mkono, inayosukumwa na matairi ya nyuma. Kodi yetu ya uchakavu inafanya uagizaji wa gari kama hili kuwa ghali, lakini haukatazwi. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu kabisa gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Altezza unazoziona Mombasa ziliingia zamani na ndizo hizohizo zinazozunguka mikononi mwa watu.

Matengenezo nilianza na breki, ingawa kila aliyekuja kuniona alitaka nianze na rangi. Mipira ya breki ilikuwa imepasukapasuka kama kisigino cha mvuvi, na mafuta ya breki yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Hapa pwani hili ni jambo la kuangalia sana. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka yavuke nyuzi 230, lakini yakishakunywa maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Ukishuka mlima huku umekanyaga breki, yanachemka, yanafanya mapovu, na povu hubonyea. Pedali inazama mpaka sakafuni na gari linaendelea na safari zake. Kubadilisha mafuta yote na mipira minne kulinigharimu Jumamosi moja na pesa isiyofika bei ya tairi moja. Sijui kwa nini watu hawafanyi.

Kisha nikaigeukia injini. Ilikuwa inatoa moshi wa bluu kila asubuhi, na moshi wa bluu maana yake oili inaungua. Swali ni inapenyea wapi. Kabla ya kumruhusu fundi yeyote afungue kitu, niliazima geji ya kupimia kompresheni. Nikatoa plagi zote nne, nikakata petroli, nikamwambia kijana wa jirani akanyage mafuta hadi mwisho na kuzungusha swichi huku mimi nimeshika geji kwenye tundu la plagi. Silinda ya kwanza ikasoma psi 190, ya pili 185, ya tatu 120, ya nne 188.

Kijana akasema, "Ya tatu mgonjwa." Mgonjwa kweli, lakini anaumwa nini? Nikamimina kijiko kimoja cha chai cha oili ndani ya silinda ile ya tatu, tukapima tena. Ikapanda hadi 165. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu ni cha bei ya kijiko. Oili inapoingia inajaza mwanya kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Kama presha imepanda, mwanya ulikuwa hapo, yaani ringi zimechoka. Isingepanda, ningeanza kushuku vali au gaskiti ya hedi. Kuna watu wamenunua injini nzima ya mtumba Dar bila kutumia kijiko hicho.

Injini tuliitoa likizo ya Juni 2021 kwa chenibloki tuliyoazima kwa fundi wa boti. Ilikaa juu ya matairi mawili ya lori kwa miezi sita. Vali ziko 16, na kila moja lazima irudi mahali ilipotoka pamoja na kikombe chake, kwa sababu vimeshazoeana. Nilitumia trei ya mayai. Ina mashimo 30, nikayapa namba kwa kalamu ya wino mzito, kila vali na shimo lake. Mume wangu alivumilia mengi katika kazi hii, lakini trei ile aliiulizia kila wiki, kwa kuwa muuza mayai alikuwa anaidai.

Ringi za silinda ya tatu zilikuwa zimenata kwenye mifereji ya pistoni kwa masizi. Nilizikwangua kwa kucha, zikabaki palepale. Hayo si matokeo ya mwendo kasi, ni uvivu wa kubadilisha oili. Aliyelimiliki kabla yangu aliona afadhali anunue taa za rangi. Kuta za silinda zenyewe zilikuwa bado na mikwaruzo yake ya kiwandani iliyokatizana, ile inayoshika oili, na fundi wa mashine alipopima akaniambia bloku haina haja ya kuchongwa. Nikashukuru. Ringi mpya, bearingi mpya, sili za vali, gaskiti zote, wota pampu, na mkanda wa taimingi pamoja na tensheni yake.

Tulikosana na fundi mara moja tu. Alitaka kuzisaga vali kwa unga wa kusagia, kama afanyavyo kwa kila injini. Nikamzuia. Vali za injini hii ya gia za mkono ni za titani, metali nyepesi, ndiyo maana injini inaweza kuzunguka kasi ile. Uso wake una ganda gumu ambalo ukilisaga umeliondoa, na likishaondoka vali inakwisha upesi. Alinitazama kama mwanafunzi anayemtilia shaka mwalimu wake. Tukazisafisha kwa mkono, zikarudi kwenye trei.

Injini iliporudi mahali pake nilibandika stika yangu pembeni ya ile ya Kijapani: "Mkanda umebadilishwa Tanga, Desemba 2021. Mita inasoma 121,640. Usiiamini."

Bodi niseme kwa kifupi, maana bado inaniuma. Gari hili limeshika kutu mara mbili, kule linakotoka ambako nadhani barabara zilikuwa za theluji na chumvi, na hapa kwetu kwenye upepo wa bahari. Fenda ya nyuma kushoto ilikuwa nzuri kabisa kwa macho. Nilipoweka sumaku haikushika. Nikakwangua puti, unene wake kama kidole gumba, na chini ya puti nikakutana na kipande cha debe la mafuta ya kula, la njano, herufi bado zinasomeka. Fundi fulani alizibia tundu kwa debe akapaka puti na rangi, akapokea pesa yake. Tulikata sehemu yote iliyooza mpaka tukafika kwenye chuma kizima, tukachomelea bati jipya. Kama unanunua gari la zamani, nenda na sumaku ya friji mfukoni. Hakuna muuzaji atakayekukataza, na wengine hawataelewa unafanya nini.

Watu wanaponiuliza nimelipamba vipi gari hili, ukweli ni kwamba kazi kubwa ilikuwa kulipambua. Springi zilikuwa zimekatwa kwa grainda ili gari liinamie chini. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi na fupi zaidi, shokapu inafanya kazi ikiwa imejikunja muda wote, na kila tuta la Chumbageni nililipita kwa kugonga. Nikatafuta springi nzima za mtumba. Eksozi ya mdomo kama ndoo ikaondoka, maana kelele si nguvu. Rimu za inchi 18 nikaziuza kwa kijana mmoja aliyezifurahia sana, nikaweka za 16 zenye matairi mazito zaidi ubavuni. Taa za nyuma nazo zilikuwa zimebadilishwa, jambo la kuchekesha, kwa sababu taa za asili za Altezza ndizo zilizopendwa mpaka viwanda vya watu wengine vikaziiga kwa magari ya kila aina na kuziita kwa jina lake. Mtu alitoa za asili akaweka za kuiga.

Niliyoongeza mimi ni machache. Rejeta nene ya alumini, kwa sababu jua la Januari ni lilelile kwa gari na kwa mtu. Mita ya joto la oili. Na milango. Vitambaa vya ndani ya milango vilikuwa vimechanika, na kila muuza spea aliniletea ngozi bandia nyeusi inayokuwa kama pasi ya mkaa ikifika saa saba mchana. Mama mkwe wangu anasuka mikeka. Nilimpelekea karatasi niliyoikata kwa umbo la mlango, naye akanisukia ukili wa miaa, zambarau na kijani, akaushona kuwa vipande vinne. Fundi wa viti Ngamiani alivigundisha na kupitisha uzi pembeni. Havichomi, na asubuhi gari linanukia kama chumba cha bibi.

Pesa niliacha kuzijumlisha zilipofika milioni kumi na moja, ukiacha bei ya kununulia. Ukiliuza leo hurudishi hata nusu. Anayetafuta faida afuge kuku.

Kilomita elfu moja za kwanza niliendesha taratibu ili ringi zijizoeshe na kuta, sikuzidisha mizunguko 3,500. Kisha Jumapili moja alfajiri nikatoka kuelekea Muheza. Baada ya vibao vya 50 kwisha, barabara nyeupe, hakuna bodaboda wala mbuzi, gia ya pili nikaikanyaga. Mpaka 5,000 ni Toyota ya kawaida. Ikivuka 6,000 sauti inabadilika, kama mwimba taarabu aliyekuwa anasafisha koo, na mshale unakimbia wenyewe hadi 7,600. Nikapandisha gia, nikarudi kwenye 80, mikono inatetemeka. Moshi haukuwepo. Muheza nikanunua machungwa, nikarudi nyumbani.

Sasa kimebaki kitu kimoja. Kirungu cha gia kilichokuja na gari hili ni cha plastiki chenye umbo la fuvu la kichwa, macho yake mekundu. Wanafunzi wangu wanakipenda, mimi siwezi kukizoea. Kirungu cha asili ni duara la chuma linalong'aa, lenye mchoro wa gia sita juu yake. Kama unacho gereji kwako, kimelala kwenye kopo la nati, usikitupe. Niambie bei.